Salamu Malkia: Wimbo wa Vita vya Msalaba Uliofika Ugogo

Mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, ukipita jioni katika mitaa ya Dodoma, iwe Chang'ombe au Kizota, hutakosa kusikia jumuiya ikisali. Wamekaa uani: wazee kwenye viti vya plastiki, akina mama kwenye jamvi, watoto wamebanana mlangoni. Mshumaa umesimamishwa ndani ya chupa ya maji iliyokatwa juu, kwa sababu upepo wa Dodoma haumngoji mtu amalize sala. Anayeongoza anahesabu punje kwa kidole gumba. Matendo matano yakikamilika, sauti zote hubadilika kwa pamoja. Zinashuka, zinapunguza mwendo, na watoto waliokuwa wakisinzia huamka, maana wanajua kwamba mwisho umekaribia. Inasaliwa Salamu Malkia.

Nimeisali tangu sijajua kusoma. Nilishakuwa mtu mzima nilipojua kwamba sala hii ilianza kama wimbo, kwamba wimbo wenyewe una umri wa karibu miaka elfu moja, na kwamba wapo waandishi wa kale wa Ulaya waliosema ulitungwa na askofu aliyekwenda Yerusalemu pamoja na jeshi. Tangu hapo siwezi kuisikia uani kwa watu bila kuifikiria njia ndefu uliyopita hadi kutufikia huku kwenye nyanda za kati. Njia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Tarehe 27 Novemba 1095, katika mji wa Clermont nchini Ufaransa, Papa Urbano II alisimama mbele ya umati akawataka mashujaa waache kupigana wao kwa wao, wakaikomboe Yerusalemu iliyokuwa mikononi mwa Waislamu. Wa kwanza kujitokeza na kupokea msalaba wa kitambaa, ule walioushona begani kama alama ya kiapo, alikuwa Adhémar, askofu wa Le Puy, mji wenye kanisa la Bikira Maria lililojaa mahujaji tangu enzi hizo. Papa alimfanya mjumbe wake katika msafara ule. Mwaka uliofuata, Oktoba 1096, aliondoka pamoja na jeshi la Raymond wa Toulouse. Hadithi ya kale inasema kwamba kabla ya kuondoka alitunga wimbo wa kumwomba Malkia wa Mbinguni awaombee wasafiri. Kwa Kilatini unaitwa Salve Regina. Karne ya 13 mwandishi wa historia Alberic wa Trois-Fontaines aliuandika kuwa ni wa Adhémar, na wapo walioujua kwa jina la antifona ya Le Puy.

Adhémar hakuiona Yerusalemu. Maradhi yalimwua Antiokia tarehe 1 Agosti 1098. Wenzake waliingia Yerusalemu tarehe 15 Julai 1099, wakawaua Waislamu na Wayahudi wa mji ule bila kuchagua mwanamume, mwanamke wala mtoto. Hilo lazima lisemwe kila mara Vita vya Msalaba vinapotajwa. Nyimbo zake zilikuwa nzuri, na damu yake ilikuwa nyingi.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu mtungaji. Wengine wanamtaja Hermann wa Reichenau, mtawa wa Ujerumani aliyezaliwa 1013 na kufariki 1054, yaani miaka arobaini na mmoja kabla ya Clermont. Huyu alikuwa mlemavu tangu utotoni. Hakuweza kutembea, na hata kuongea kulimpa taabu. Hata hivyo aliandika vitabu vya hesabu, nyota na muziki ambavyo watu walitoka mbali kuja kujifunza. Ukiniuliza mimi, maneno ya Salamu Malkia yananielekeza zaidi kwa mtu wa namna hii kuliko kwa kiongozi wa jeshi. Hakuna upanga ndani yake, hakuna adui, hakuna Yerusalemu. Kuna watoto wa Eva walio mbali na kwao, wanalia, wanamwomba Mama awageuzie macho, na baada ya uhamisho awaonyeshe Mwanawe. Lakini naelewa pia kwa nini waliotembea kwa miguu kutoka Ufaransa hadi Palestina, wakizika ndugu kila kituo, waliuona kuwa wimbo wao. Mtu aliye ugenini hahitaji kuelezwa maana ya uhamisho.

Lahani yake nayo ina jambo la kusikiliza. Mwanakwaya yeyote anaweza kuijaribu kwa solfa. Inaanza juu, kwenye la, inashuka hatua moja hadi so, inarudi la, kisha inaanguka moja kwa moja hadi re. Noti nne tu. Ni kama mtu anayeinua kichwa kusalimia, akasita, akainua tena, halafu akapiga magoti. Kisha lahani ileile inarudiwa kwa sentensi ya pili, kwa namna ambayo hata asiyejua Kilatini anatambua kwamba salamu inatolewa mara mbili. Wimbo unaimbwa kwa sauti moja, bila kinanda, bila ngoma, na bila mtu wa kupiga makofi. Hizo do, re na mi zenyewe zinazojaa kwenye karatasi za kwaya zetu zilianzia kwa mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, miongo saba hivi kabla ya Clermont, alipotafuta njia ya kuwafundisha waimbaji wimbo ambao hawajawahi kuusikia.

Vita vya pili vya Msalaba navyo vimeacha alama yake kwenye wimbo huu, walau katika mapokeo. Mwaka 1146 Bernard wa Clairvaux, mhubiri aliyesikilizwa kuliko wote wa wakati wake, alizunguka Ufaransa na Ujerumani akiita watu wachukue msalaba. Krismasi ya mwaka huo alikuwa katika kanisa kuu la Speyer, mbele ya mfalme Conrad III. Inasimuliwa kwamba waimbaji walipomaliza Salve Regina, Bernard alishindwa kujizuia; akapiga hatua tatu, na kila hatua akatamka sifa moja ya Maria. Sifa hizo tatu ndizo tunazomalizia sala hadi leo: ya upole, ya wema, na ya utamu. Siku chache baadaye Conrad alichukua msalaba. Jeshi lake liliangamia Asia Ndogo, na mwaka 1148 mashambulizi ya Damasko yakashindwa. Sifa tatu zikabaki.

Nyimbo nyingine za vita vile zilikuwa za aina nyingi, na nyingi zina uchungu kuliko ushujaa. Guiot de Dijon anatajwa kuwa mtungaji wa wimbo wa mwanamke ambaye mpenzi wake yuko ng'ambo vitani, naye amebaki na nguo ya mpenzi huyo usiku. Walther von der Vogelweide wa Ujerumani alitunga wimbo wa mhujaji anayekanyaga Nchi Takatifu kwa mara ya kwanza. Maneno yake yalihifadhiwa, lakini lahani yake kamili ilipatikana katika kipande cha ngozi kilichogunduliwa Münster mwaka 1910. Yerusalemu ilipochukuliwa na Salah ad-Din Oktoba 1187, maombolezo yalisikika Ulaya nzima. Na tangu karne ya sita kulikuwepo Vexilla Regis, alioutunga Venantius Fortunatus mwaka 569, kipande cha Msalaba kilipopelekwa Poitiers kutoka Konstantinopoli. Huo unaufananisha msalaba na bendera ya mfalme aliye vitani. Uliimbwa Ijumaa Kuu kila mahali Wakatoliki walipokuwepo.

Hapo kwenye Msalaba wa Yerusalemu historia inagusa pwani yetu kwa namna iliyonishangaza. Kaisari aliyeurudisha Yerusalemu mwaka 630, baada ya Waajemi kuuteka, alikuwa Heraclius wa Konstantinopoli. Wapiganaji wa msalaba walimhesabu kuwa babu yao. William wa Tiro, mwanahistoria mkubwa wa vita vyao, anaanza kitabu chake naye, na tafsiri yake ya Kifaransa ikaitwa kwa jina lake Heraclius. Sasa funua Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, na ambao ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo. Jina lake lingine ni Chuo cha Herekali. Huyu Herekali ndiye Heraclius huyohuyo! Kwa Mwengo ni mfalme wa maadui, ambaye Mtume na masahaba wanamwendea kulipa kisasi cha Jaafar, na tukio lenyewe ni safari ya Tabuk ya mwaka uleule wa 630. Utendi nao haukutungwa usomwe kimya. Hughaniwa kwa sauti, ubeti kwa ubeti, na wasikilizaji wakafuata. Kaisari mmoja, mwaka mmoja, kambi mbili za waimbaji. Waswahili tulikuwa na wimbo wetu wa vita vile vya kale muda mrefu kabla padre yeyote hajapita Mpwapwa.

Padre alipopita, alikuja na ndoto ya Vita vya Msalaba bado ikiwa hai. Kardinali Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Mapadre Weupe mwaka 1868, alitamka waziwazi kwamba anataka vita vya msalaba vipya, safari hii dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 1 Julai 1888 alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris akaeleza jinsi watu wanavyokamatwa na kufungwa minyororo katika Afrika ya kati. Mwezi huohuo akahutubia London, mwezi uliofuata Brussels. Kabla ya hapo alishatuma wanajeshi wa zamani wa Papa, wale walioitwa Wazuavu, wasindikize misafara ya mapadre wake. Aliyejulikana kuliko wote ni Kapteni Joubert, aliyekuja mwaka 1880 na kubaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi kifo chake mwaka 1927. Mtu wa karne ya 19 mwenye bunduki, aliyeapa kwa kiapo cha karne ya 12.

Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo katikati ya Juni 1878. Humo walikuwemo Léon Livinhac na Siméon Lourdel, yule ambaye baadaye Waganda walimwita Mapera. Njia ilikuwa ileile ya misafara yote: Mpwapwa, kisha Marenga Mkali pasipo na maji ya kunywa, kisha Ugogo, kisha Mgunda Mkali, na ndipo Tabora.

Sasa angalia kalenda. Kwa utaratibu wa kanisa, padre husali sala za vipindi kila siku popote alipo, na ile ya kabla ya kulala humalizika kwa antifona ya Maria. Wakati ule antifona hizo zilikuwa nne, zikipokezana kwa majira. Kuanzia Jumapili ya Utatu Mtakatifu hadi Majilio, zamu ilikuwa ya Salve Regina. Mwaka 1878 Jumapili ya Utatu iliangukia tarehe 16 Juni, siku zilezile msafara ulipokuwa ukifunga mizigo. Maana yake ni kwamba njia nzima, kila jua lilipotua, mapadre wale walipofungua vitabu vyao kando ya moto, sala waliyolala nayo ilikuwa Salve Regina. Nimehesabu tarehe hizo zaidi ya mara moja, na kila mara zinanigusa. Mwezi Agosti mkuu wa kundi lililokuwa likienda Tanganyika, Padre Joachim Pascal, alifariki njiani kabla msafara haujafika Tabora.

Watemi wa Ugogo hawakuwa na haraka na misafara. Kila aliyepita, awe Mwarabu, Mnyamwezi au Mzungu, alitoa hongo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri walilalamika sana vitabuni mwao, Burton kwanza, kisha Stanley, na wakawaita Wagogo watu wakaidi. Sikubaliani nao. Nchi hii ina mvua ya msimu mmoja, na mwaka mwingine haina. Kisima cha Ugogo huchimbwa kwa jasho, na msafara wa watu mia tano unaweza kukikausha kwa siku moja. Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula katika nchi isiyo na ziada. Na mtu aliyelipa hongo alisikika pia: wapagazi waliimba njia nzima, kirangozi akitangulia na bendera, na usiku kambini kila kabila lilicheza ngoma yake. Kwenye kelele hiyo ya furaha na uchovu, sauti ya mapadre wachache wakisali Kilatini haikuwa kitu cha kumsimamisha mtu.

Mapadre Weupe hawakujenga Ugogo, walipita. Waingereza wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, ndio waliotangulia kukaa, Mpwapwa mwaka huohuo 1878, na baadaye Mvumi. Wao walileta nyimbo za namna nyingine, tenzi za beti na kiitikio kwa sauti nne, na baadhi yake zilikuwa za mwendo wa askari. Kuna hata wimbo mmoja wa Kijerumani wa kuusifu uzuri wa Yesu ambao vitabu vingi vya nyimbo duniani viliuita wimbo wa wapiganaji wa msalaba, eti waliuimba wakielekea Yerusalemu. Habari hiyo ilienezwa mwaka 1850 na haina ukweli. Maneno yake yalichapishwa Münster mwaka 1677, na lahani yake ilitoka katika nyimbo za wanakijiji wa Silesia zilizochapishwa 1842. Watu walitaka sana kuwa na wimbo wa mashujaa wale. Ule waliokuwa nao kweli, uliobeba angalau mapokeo ya safari ile, ulikuwa kwenye Rozari ya mabibi.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Kisha ikaja vita ya dunia, na baada yake njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua zikakosekana. Kati ya 1917 na 1920 watu walikufa kwa maelfu. Wengine walitawanyika, wakawaacha wazee nyumbani kwa kuwa hawangeweza kutembea. Aliyesalimika Mtunya alijua kulia na kuwa ugenini kabla katekista hajamfundisha neno.

Mwaka 1935 Dodoma ikawa eneo la kanisa linalojitegemea, likakabidhiwa kwa Wapasionisti wa Italia, shirika lililoanzishwa na Paulo wa Msalaba katika karne ya 18. Wao huvaa nembo ya moyo na msalaba kifuani, na kazi yao ya kwanza ni kuyatafakari mateso ya Yesu. Kanisa kuu la Dodoma leo lina jina la mtakatifu huyo. Misa ilikuwa kwa Kilatini, Dodoma kama Roma. Ijumaa Kuu iliimbwa Vexilla Regis. Na tangu 1884 Papa Leo XIII aliagiza kwamba baada ya kila misa isiyoimbwa, padre na waumini wapige magoti wasali sala kadhaa kwa lugha ya mahali, mojawapo ikiwa Salamu Malkia. Agizo hilo lilidumu hadi katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo kizazi kizima cha Wakatoliki wa Ugogo kilitoka kanisani kila siku na sala hiyo mdomoni, kwa Kiswahili, hata kama yaliyotangulia altareni yalikuwa kwa lugha wasiyoielewa. Ndiyo sababu waliishika barabara.

Kilichonivuta zaidi katika historia hii ni masikio yaliyoupokea wimbo huo. Watu wa kutoka nje walipoanza kuandika kuhusu muziki wa Wagogo, jambo la kwanza lililowashangaza ni kwamba watu hawa huimba kwa sauti zaidi ya moja zinazokwenda pamoja, na hakuna aliyewafundisha. Ulaya nayo ilikuwa na uimbaji wa sauti mbili zinazotembea sambamba. Umeelezwa katika vitabu vya karne ya tisa na ya kumi, na ukafikia kilele chake katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris kwa watungaji Léonin na Pérotin, miaka ileile ya Vita vya Msalaba. Mtu anayeusikia uimbaji ule wa zamani leo, kisha akaenda Chamwino akasikiliza wazee wakiimba, anahisi kwamba nyumba hizi mbili zina ukuta mmoja. Hazina undugu wa damu. Chanzo cha Wagogo ni chao wenyewe.

Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alikieleza chanzo hicho. Chukua zeze. Kibuyu kimewambwa ngozi, mti umepenyezwa, uzi umevutwa, na upinde mdogo unasugua. Gusa uzi kwa wepesi mahali mbalimbali bila kuukandamiza, nao utatoa sauti ndogo za juu zilizojificha ndani ya sauti yake kuu. Hizo ndizo noti za Wagogo: do, mi, so, kisha noti iliyo kati ya la na ti, kisha do ya juu na re yake. Anayeimba sauti ya pili huiruka noti moja na kuchukua inayofuata, na hapo ndipo zinapozaliwa zile sauti mbili zenye nafasi kama ya so na do ya juu kati yao. Ile noti iliyo kati ya la na ti haipatikani kwenye kinanda cha kanisa. Kitufe kilicho karibu nayo kiko juu kwa karibu theluthi moja ya nusu-hatua. Mwalimu wa kwaya aliyeshikilia kinanda alisikia Wagogo wanakosea. Walikuwa sahihi kwa uzi wa zeze, na uzi wa zeze ni sahihi kwa maumbile.

Wamisionari wa madhehebu yote hawakuelewa hilo, na wengi hawakutaka kulielewa. Ngoma ya muheme, ambayo akina mama wa Kigogo huipiga wameibana kati ya mapaja, ilihusiana na unyago, na hiyo ilitosha kuifungia mlango wa kanisa. Nawalaumu kwa hilo. Mtu anayebeba wimbo wa karne ya 11 kutoka bara jingine kwa heshima kubwa namna ile alipaswa kutambua heshima ya wimbo alioukuta.

Mambo yaligeuka miaka ya 1960. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyosema kwamba muziki wa watu wa nchi za misheni upewe nafasi inayostahili. Mwaka huohuo padre wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Kilatini kikaondoka, ngoma zikaingia. Mwaka 1972 Mathias Isuja Joseph akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Dodoma. Nje ya kanisa, mwanamuziki Hukwe Zawose alizichukua ala za Ugogo, zeze na ilimba, akazipeleka Bagamoyo, alikofundisha katika Chuo cha Sanaa, na kutoka hapo hadi majukwaa ya Ulaya, mpaka alipofariki Desemba 2003. Huko Nzali, wilayani Chamwino, Polo Vallejo wa Hispania alikaa miaka akirekodi na kuandika nyimbo za kijiji. Mtoto wa kijiji hichohicho, Kedmon Mapana, akawa msomi wa muziki, akaandika jinsi muheme ulivyobadilika, na tangu 2009 tamasha la muziki wa Cigogo limefanyika Chamwino.

Salve Regina katika haya yote ilipotea na haikupotea. Lahani ya kale ilinyamaza parokiani pamoja na Kilatini. Maneno yakabaki kwenye Rozari, yakisaliwa bila kuimbwa. Lakini keti uani siku hiyo ya Oktoba, usikilize vizuri. Kundi la watu ishirini linaposali pamoja kwa Kiswahili, halisali kwa sauti moja. Wazee wanatulia chini, akina mama wanapanda juu, na kati yao kuna nafasi ambayo mpiga zeze angeitambua mara moja. Sentensi zinashuka mwishoni kama zilivyoshuka Le Puy na Reichenau. Hakuna aliyewapangia.

Wapo bado Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni wazee walioimba Salve Regina kwa Kilatini, wakiwa watoto wa altare, wanakwaya, makatekista au waseminari, kabla ya mabadiliko ya 1965. Kijana wa miaka kumi na tano wakati huo anakaribia themanini sasa. Kama yuko nyumbani kwenu au parokiani kwenu, msomaji, nenda kwake wiki hii, ukiwa na simu yenye chaji. Mwombe akuimbie yote, tangu salamu ya kwanza hadi sifa tatu za mwisho, na umwulize alijifunzia wapi na nani alimfundisha. Rekodi, andika jina lake na kijiji chake, kisha ihifadhi mahali ambapo wajukuu wataipata.